Kinachowalemea Wanaolinda Watoto

Jumatatu asubuhi, benchi lililo nje ya ofisi ya ustawi wa jamii katika halmashauri nyingi za Tanzania hujaa kabla afisa hajafungua mlango. Kuna mama anayedai matunzo ya watoto watatu kwa baba asiyepokea simu. Kuna mzee anayetaka barua ya msamaha wa matibabu. Kuna mwalimu aliyekuja na binti wa darasa la tano, binti kainamisha kichwa, hasemi neno. Wote hao watasikilizwa na mtu mmoja, na kabla ya saa sita mtu huyohuyo anatakiwa mahakamani na taarifa ya uchunguzi wa kijamii ya mvulana aliyekamatwa kwa wizi wa simu.

Tukiuzungumzia ugumu wa kazi hii, macho yetu huenda kwa yule binti. Tunadhani kinachomlemea afisa ni kuyasikia atakayoyasema. Ndiyo maana mgeni kazini hupewa ushauri uleule: utazoea, usiyaweke moyoni, jifunze kuwa na roho ngumu. Mimi nauona ushauri huo kuwa wa hatari, maana unapaka dawa pembeni ya kidonda. Kusikia kunaumiza, hilo halina ubishi. Lakini mzigo mkubwa zaidi uko kwenye kuamua, kwenye kulijua lililo sahihi ukakosa namna ya kulitenda, na kwenye kuubeba uamuzi huo peke yako.

Hata hivyo tuanze na kusikia, kwa kuwa ndiko kulikoandikwa sana. Mwaka 1990 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Lisa McCann na Laurie Anne Pearlman, walieleza kinachowapata watu ambao kazi yao ni kusikiliza visa vya waliodhurika. Msikilizaji habaki alivyokuwa. Imani yake kwamba dunia ni salama, kwamba watu wanaaminika, kwamba yeye mwenyewe anaweza kusaidia, hubadilika kidogo kidogo bila yeye kujua. Mwaka 1995 mtafiti mwingine wa kiwewe, Charles Figley, akaieleza hali iliyo jirani na hiyo kwa jina lililoenea zaidi, uchovu wa huruma: yule anayewahudumia wenye kiwewe huanza kuonyesha dalili zao, kama ndoto mbaya, kushtuka ovyo na kukwepa mambo yanayomkumbusha.

Kwa afisa mambo haya hayaji kwa kishindo. Anaanza kumkatalia mwanawe kwenda likizo kwa baba mdogo, ingawa baba mdogo huyo hana kosa lolote. Anamwogesha mtoto huku akimkagua. Akiwa kwenye daladala, akimwona mwanamume aliyempakata mtoto wa kike, hawezi kutazama dirishani mpaka washuke. Mumewe akimuuliza siku ilikuwaje, anajibu salama, kwa sababu habari za mteja ni siri na maadili ya kazi yanamfunga mdomo hata chumbani kwake.

Kuna jambo lingine hapa ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, ukatolewa ripoti mwaka 2011, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa karibu mmoja kati ya 7. Ukatili wa kipigo uliwagusa takriban robo tatu ya wote. Sasa tufanye hesabu ya umri. Vijana wale leo ni watu wa kuanzia miaka ishirini na tisa, thelathini, hadi arobaini na kidogo. Hilo ndilo rika la maafisa wanaokaa nyuma ya zile meza. Hakuna sababu ya kufikiri kwamba waliojiunga na kazi hii walitoka katika taifa lingine. Kwa hiyo binti wa darasa la tano anapofungua mdomo, wako maafisa wanaosikia kisa cha mtoto huyo pamoja na cha kwao, wakati mmoja, na ratiba ya ofisi haina nafasi ya kukiri hivyo. Kumwambia mtu kama huyo awe na roho ngumu ni kumrudisha kwenye ukimya uleule aliolelewa nao.

Tuje kwenye kuamua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Sentensi hiyo ni nzuri mpaka utakapotakiwa kuitekeleza saa kumi jioni, umesimama uani kwa watu. Tuseme jirani amepiga namba 116, ile ya bure ya kutoa taarifa za watoto, kwamba mtoto wa miaka sita anapigwa. Unakwenda na mtendaji wa mtaa. Mtoto ana alama mgongoni, za zamani na za jana. Mama anakiri amemchapa, tena analia: mume amekwenda machimboni hajarudi, ana kichanga, na huyu mkubwa amemwaga mafuta ya biashara ya maandazi. Nyumba ni safi. Mtoto amelishwa. Anakukodolea macho, kisha anajificha nyuma ya mama yuleyule aliyemchapa.

Sheria inakataza adhabu iliyozidi kiasi ukilinganisha na umri na hali ya mtoto. Kiasi kipi? Hapo sheria inamwachia afisa. Na afisa huyo kakua akisikia mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, kasoma katika shule ambako kiboko kinaruhusiwa na kanuni za elimu hadi leo, na pengine jana kamchapa wa kwake. Anatakiwa apime kwa mizani ambayo yeye mwenyewe yumo ndani yake.

Akimwacha mtoto pale, anaweza kuitwa wiki ijayo kwenda kutambua maiti. Akimwondoa, anamtenga mtoto wa miaka sita na mtu pekee anayempenda, anampeleka kwenye makao au kwa familia ya kuaminika ambayo mtoto haijui, na kila anayefahamu makuzi ya watoto atakwambia kwamba kutenganishwa huko nako ni jeraha. Hakuna uamuzi usio na hatari. Kuna wa hatari ndogo zaidi, kwa kadiri unavyoona siku hiyo, kwa taarifa ulizonazo. Daktari aliye hospitalini ana vipimo na ana mwenzake wa kumuuliza. Afisa ana macho yake, daftari, na pikipiki ya bodaboda inayomsubiri nje kwa nauli atakayoitoa mfukoni.

Halafu mtoto analia. Hili huwashangaza sana wanaoanza kazi. Walidhani mtoto aliyeokolewa atashukuru. Mtoto analilia nyumbani, anamlilia mama aliyemchoma na kijiko cha moto, anaweza hata kumng'ata anayemwondoa. Hana kosa, mapenzi ya mtoto kwa mlezi hayasubiri mlezi awe mwema. Lakini kwa afisa kilio kile kinageuka kuwa shutuma, na ndicho anachokisikia usiku zaidi ya visa vyenyewe.

Kenya imeuongeza uzito huu kwa nia njema kabisa. Mkakati wake wa kitaifa wa mageuzi ya malezi, uliozinduliwa mwaka 2022 kwa muda wa miaka 10, unalenga kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kwenye familia, kwa sababu mtoto hukua vizuri zaidi nyumbani kuliko kwenye bweni. Naunga mkono mageuzi hayo. Ila tukubali pia kwamba kila mtoto anayerudishwa ni saini ya afisa fulani wa watoto, aliyesema kwa maandishi kwamba nyumba ile sasa ni salama.

Uzito wa tatu ndio ninaouona mkubwa kuliko yote. Mwaka 1984 mwanafalsafa Andrew Jameton, akiwaandikia wauguzi, alieleza hali ya mtu anayejua jambo lililo sahihi lakini mazingira ya kazi yanamzuia kulifanya. Tuite dhiki ya dhamiri. Inatofautiana na kutojua la kufanya: hapa unajua, na huwezi.

Chukua kesi ya ubakaji ndani ya ukoo. Adhabu yake Tanzania haipungui miaka 30 jela, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Adhabu hiyo inastahili. Lakini mtuhumiwa mara nyingi ndiye mjomba anayelipa ada na kodi ya nyumba, na ukoo unapofikiria miaka 30 bila yeye, wazee hukaa kikao. Yamalizwe nyumbani. Ng'ombe au pesa zinatembea, mama anahamishwa na mtoto kwenda kijiji kingine, na siku ya kesi shahidi hayupo. Afisa alishampeleka mtoto dawati la jinsia na watoto la polisi, alishachukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, alishakaa naye hospitali tangu asubuhi mpaka usiku. Anabaki na jalada.

Na hata mtoto akifika mahakamani, safari haijaisha. Tangu mabadiliko ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo mradi aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Ni hatua njema kwa watoto. Lakini kumekuwa na kesi ambazo Mahakama ya Rufani iliufuta ushahidi wa mtoto kwa sababu kumbukumbu za mahakama ya chini hazikuonyesha kwamba ahadi ile ilitolewa ipasavyo, na mshitakiwa akaachiwa. Mahakama ina sababu zake za kulinda utaratibu. Ila mtazame aliyetumia miezi kumshawishi mtoto kwamba akisema kweli, wakubwa watamlinda. Yeye ndiye anayekwenda kumweleza mtoto kwa nini yule mtu ameonekana tena sokoni.

Dhiki ya dhamiri ina sura ndogo pia, zinazojirudia kila wiki. Mtoto anaokotwa stendi Ijumaa saa mbili usiku. Sheria inaitwika mamlaka ya serikali ya mtaa wajibu wa kumlinda, lakini wilaya haina nyumba salama, familia ya kuaminika iliyosajiliwa imejaa, kituo cha polisi si mahali pa mtoto kulala. Afisa anampeleka kwake. Kila mtu kwenye kazi hii anajua kwamba haifai: haifai kwa mtoto, haifai kwa watoto wa afisa, na likitokea lolote yeye ndiye atakayeulizwa. Anafanya hivyo kwa sababu mbadala ni sakafu ya stendi. Ukimsifu kwa moyo wake mwema umelificha tatizo. Moyo wake unafanya kazi iliyopaswa kufanywa na bajeti.

Kuna na kuvaa uso. Mwanasosholojia Arlie Hochschild, aliyewachunguza wahudumu wa ndege, alieleza mwaka 1983 kwamba kuzitawala hisia zako ili mteja aone sura inayotakiwa ni kazi kamili, yenye gharama yake. Mhudumu wa ndege anavaa tabasamu kwa abiria msumbufu. Afisa ustawi wa jamii anakaa kwenye kochi la mtu anayemshuku kumharibu mtoto, anamwamkia shikamoo kwa kuwa ni mzee, anapokea chai, anaitikia mazungumzo ya mvua. Akionyesha anachokihisi, mlango utafungwa, na mtoto yumo ndani ya mlango huo. Baada ya hapo anakwenda nyumba inayofuata, akiwa na uso mwingine.

Uso huo haupumziki hata baada ya kazi, kwa sababu wilayani wote wanajuana. Unamkuta ndugu wa mtuhumiwa gengeni, msikitini, kwenye foleni ya maji. Katika maeneo ya Tarime na Serengeti, ambako Desemba ndiyo msimu wa ukeketaji, wasichana hukimbilia nyumba salama, na shule zinapokaribia kufunguliwa Januari huanza kazi ya kuwarudisha kwa wazazi walioahidi kwamba hawatawakeketa. Anayesimamia ahadi hizo mara nyingi ana wakwe na majirani wanaoona kwamba amevunja mila zao. Kumtetea binti wa mwenzio kunaweza kukufanya usialikwe harusini, na watu hulipokea jambo hilo kirahisi mno wakiwa mbali.

Lawama ikija kutoka kwa taifa zima huwa mbaya zaidi. Agosti 2007, London, mtoto wa miezi 17, Peter Connelly, alikufa akiwa na majeraha zaidi ya 50. Katika miezi yake 8 ya mwisho alikuwa ameonwa na wataalamu takriban mara 60. Hasira ya umma ilikuwa ya haki. Lakini gazeti moja lilikusanya saini zaidi ya milioni moja kutaka wahusika wa ustawi wa jamii wafukuzwe, na baada ya hapo maombi ya kuwaondoa watoto majumbani yakapanda sana kote Uingereza. Sidhani kwamba familia zilikuwa zimebadilika ghafla. Wenye kuamua walikuwa wameogopa. Profesa Eileen Munro, aliyepewa kazi ya kuutathmini mfumo huo, alisema mwaka 2011 kwamba umekuwa ukijishughulisha mno na kufuata taratibu na fomu, hata ukasahau kuuliza kama mtoto amesaidika.

Kwa nini watu hukimbilia fomu? Jibu zuri nililowahi kulisoma ni la zamani. Mtaalamu wa saikolojia Isabel Menzies alichunguza wauguzi wa hospitali moja ya London, akaeleza mwaka 1960 kwamba taratibu nyingi za pale zilikuwa kinga dhidi ya hofu: mgonjwa aliitwa kwa namba ya kitanda au ugonjwa wake, kazi iligawanywa vipande ili muuguzi asimkaribie mtu mmoja sana. Kinga hiyo haikupunguza hofu, ilizuia tu isizungumzwe. Nikisikia afisa akisema ile kesi ya ulawiti ya kata fulani, badala ya jina la mtoto, siharakishi kumhukumu. Mwanasaikolojia Christina Maslach, ambaye pamoja na Susan Jackson walitoa kipimo cha kuishiwa nguvu kazini mwaka 1981, alikuta mambo matatu yanayokwenda pamoja: kukaukiwa kihisia, kuwaona watu kama vitu, na kujiona hufanikishi lolote. Hilo la pili ndilo mwananchi hulalamikia anapokutana na afisa mkali dirishani. Ukali ule mara nyingi ni mwisho wa safari ndefu ya mtu aliyejali sana bila msaada.

Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, liliiweka hali hiyo ya kuishiwa nguvu kazini katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa kuwa jambo linalotokana na kazi, halikuiita ugonjwa. Tofauti hiyo ina maana kubwa. Kama chanzo ni kazi, dawa haiwezi kuwa semina ya siku moja ya kuwafundisha watumishi kupumua na kunywa maji mengi. Likizo humponya aliyechoka. Haimponyi aliyesaini kumrudisha mtoto mahali ambapo hana uhakika napo; huyo likizo humpa muda zaidi wa kulifikiria.

Kinachosaidia kinajulikana, na hakihitaji majengo. Alfred Kadushin, profesa wa ustawi wa jamii, aliandika mwaka 1976 kwamba usimamizi wa kitaaluma katika ustawi wa jamii una kazi tatu: kuhakikisha kazi inafanyika, kumfundisha mtumishi, na kumbeba. Katika halmashauri nyingi inafanyika ile ya kwanza tu. Anaulizwa ripoti ya robo mwaka iko wapi. Ile ya tatu ni saa moja ya faragha, kila baada ya wiki mbili, na mtu mwenye uzoefu anayeuliza: kesi gani inakunyima usingizi, uliamua nini, uliona nini kilichokufanya uamue hivyo, na sasa tunaendaje? Neno kubwa hapo ni tunaendaje. Uamuzi wa kumwacha au kumwondoa mtoto unapopitishwa na watu wawili, ukaandikwa pamoja na sababu zake, hatari kwa mtoto inapungua kwa kuwa macho ni manne, na afisa anapata mtu wa kusimama naye matokeo yakiwa mabaya.

Penye afisa mmoja wilaya nzima, msimamizi anaweza kuwa wa mkoani kwa simu. Si sawa na ana kwa ana, lakini ni mbali sana na kutokuwepo. Ziara za nyumba zenye hatari ziwe za wawili. Halmashauri itenge nauli na kitanda cha Ijumaa usiku. Na mtu arudishiwe habari: mtoto aliyekwenda kwa familia ya kuaminika miaka mitatu iliyopita, aliyemaliza la saba, picha yake au salamu zake zimfikie aliyemchukua stendi. Kazi hii humpa mtu mianzo mingi na miisho michache. Habari moja ya mwisho mwema inafanya kazi ambayo posho haiwezi.

Kwa kijana anayesomea kazi hii, pale Taasisi ya Ustawi wa Jamii Kijitonyama au kwingineko, ninalo ombi moja. Ukipangiwa mafunzo kwa vitendo, usiulize tu utapewa kesi ngapi. Uliza nani atakaa nawe baada ya kesi ya kwanza ya mtoto aliyedhurika, lini, na kwa muda gani. Ukiambiwa utazoea, mtafute mtu wa kukaa nawe mapema, mwalimu wako au afisa aliyestaafu, kabla jalada la kwanza halijafika mezani kwako.